Udongo Nao Unataka Nguo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo ikinijia huanza kwa masikio kabla ya macho: nasikia fagio la chelewa likiparaza ardhi alfajiri, kabla kuku wa jirani hawajashuka. Aliyelishika fagio hilo ni mimi. Nilikuwa bibi harusi mbichi, nimetoka kwetu Miono nikaolewa hapa Dunda, na nilikuwa nimejiapia kwamba hautapatikana uwanja unaong'aa kuliko wa mama mkwe wangu, yaani bibi yako, Bi Tatu.

Kabla sijaendelea niseme jambo. Nasaha ni mali ya wazee, na mimi uzee bado naupigia hodi kwa mbali. Ila hii ninayokuandikia si yangu, ni ya bibi yako. Mimi nimetumwa nayo tu, kama mtoto anavyotumwa na sahani iliyofunikwa kawa: ukifika unatoa salamu, unakabidhi, basi.

Ua wa nyumba yetu unaujua. Jua haliingii ila likiwa utosini, na hata hapo mshelisheli unalizuia kwa yale majani yake makubwa kama sinia. Watu wengi wakiwa na pembe ya namna hiyo husema hapa hapamei kitu, wakaweka mapipa na mbao mbovu. Bibi yako alipanda maua. Alikuwa na begonia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, na feni, yale majani yaliyochanika kama manyoya ya kuku, zilizoning'inia kwenye vikapu vya waya ukutani. Alikuwa na yale maua ya majani mapana mfano wa moyo, kijani pembeni, wekundu katikati, utadhani mtu kamwaga sharubati. Na karibu kabisa na shina la mti, ardhini, palikuwa na ua moja nililosimuliwa tu, sikuwahi kuliona. Yeye aliliita Bibi Mvua. Lina tunguu chini kama kitunguu maji, na masika yakianza linatoa ua jekundu la mviringo, limejaa nyuzi nyuzi, kubwa kama ngumi mbili. Likimaliza, majani yake hukaa kidogo, kisha hupotea lote kama halikuwapo.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka ule, kiangazi kikali, shangazi yako Zena alijifungua kule Makurunge, na bibi yako akaenda kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono mbele ya baba yako.

"Chiku, mume wako ni mtu mzima, akilala na njaa ni shauri yake. Maua yangu nakuachia wewe. Ni amana."

Amana, mwanangu, si neno la kuchezea. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na zaidi ya nusu mwaka katika nyumba ile na bado nilijiona mgeni, nauliza chumvi iko wapi ilhali najua iko wapi. Nikasema hapa hapa ndipo nitakapopata jina. Mama akirudi akute ua wake unameremeta, aseme huyu sasa ni mwanangu.

Unajua kwetu pwani mwali husomwa uwanjani. Mtu akipita akaona mistari ya fagio imelala sawasawa, hata hajakuona sura, anajua nyumba hii ina mwanamke. Na jani la mshelisheli likidondoka lina kishindo chake, kama kanga yenye wanga iliyoangushwa sakafuni. Mimi nikilisikia tu nimeshasimama. Nikafagia. Nikafagia chini ya mti, nikafagia katikati ya maua, nikaingiza na kifagio kidogo nyuma ya makopo kutoa hata vile vijani vilivyooza vyeusi vilivyojibanza kwenye mizizi. Vyote nikavikusanya nikavitia kiberiti. Ardhi ikawa ngumu, imetulia kama sakafu ya saruji. Majirani wakipita wanasema, "Chiku, kwako pale mtu anaweza kula bila sahani," na mimi nacheka kwa adabu huku moyo umevimba.

Ndipo maua yakaanza kuniaga.

Yale ya moyo mwekundu yalianza, yakalegea shingo moja moja, yakalala. Feni zikawa za kahawia kwenye ncha. Nikasema maskini, hayapati jua, hakuna kiumbe kinachoishi gizani. Nikabeba makopo ya begonia yote nikayapanga nje barazani, jua la saa sita likayapiga, na mimi nikayamwagia maji saa ile ile ili yapoe. Baada ya siku chache majani yake yalikuwa kama karatasi iliyookotwa jikoni. Nikaongeza maji. Nikaongeza na kufagia, maana nilidhani labda kuna mdudu. Pale kwa Bibi Mvua hapakuwa na kitu chochote, upara mtupu.

Jirani yetu Mama Hija, yule wa vitumbua, alikuwa akipita kila asubuhi na beseni lake. Siku moja akasimama, akayatazama makopo barazani, akanitazama mimi.

"Kuna mikono ya moto, Chiku," alisema, na sauti yake wala haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu anayempa mwenziwe pole. "Si kosa la mtu, ndivyo alivyoumbwa. Akishika kitu, kinakauka."

Kisha macho yake yakashuka kidogo, yakagusa tumbo langu, yakapanda. Akalifunika beseni akaenda zake. Jioni nikiwa bombani nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hata ua halishiki kwake, sembuse..." Wakaniona, wakanisalimia vizuri sana.

Mwanangu, maneno mengine hayamaliziwi kwa sababu ndivyo yanavyouma zaidi. Nilibeba ndoo yangu huku nikiitazama mikono yangu kana kwamba nimeiazima kwa mtu. Maana na mimi nilianza kuamini. Sikuwa na mimba na maua yalikuwa yanakufa, na kichwani mwangu mambo yale mawili yakafungwa kwa kamba moja. Nikajiambia, mama akirudi akaona ua ulivyo, naye ataifunga kamba ile ile, na hapo sina nyumba.

Baba yako alirudi kutoka kuchomelea mageti, macho mekundu kama kawaida yake. Nikamweleza habari ya maua tu. Ya tumbo sikuyasema.

"Nitakununulia ya plastiki," akasema. "Hayaombi maji, hayana makuu. Na mama macho yake ya karibu siku hizi si mazuri."

"Akiyanusa?"

"Utayapulizia marashi."

Tukacheka mpaka nikajikuta nalia, naye akabaki anauliza ni neno gani alilokosea. Halafu akasema jambo la maana ambalo nililipuuza: "Si umpigie simu mama umuulize?" Nikamwambia nitapiga kesho. Kesho ile haikufika. Kila nikishika simu naona nitaonekana sijui kitu, mtoto wa shamba nishindwe na kopo la maua.

Arobaini ikatimia, bibi yako akashuka kwenye bodaboda na kifurushi chake. Nikampokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hamjambo, mzazi hajambo, mtoto hajambo. Akapitiliza mpaka uani. Nikasimama nyuma yake. Alitazama muda mrefu, kuanzia jikoni mpaka kwenye shina la mti, na ardhi ilikuwa safi hata ungeweza kulaza ubavu.

"Pametakata," akasema.

Neno hilo tu. Akaomba chai akanywa, akazungumza habari za mjukuu, akalala. Mimi nilitamani angenipigia kelele nijue moja.

Asubuhi nimeshaliinua fagio, nikamsikia nyuma yangu. "Lete hilo. Sasa keti."

Akaketi naye kwenye kibao cha mbuzi. Jani la mshelisheli likadondoka mbele yetu. Nikainuka.

"Keti, Chiku. Jani halina haraka, wewe una haraka ya nini?"

Nikaketi. Akainama akagonga ardhi kwa kifundo cha kidole, ikalia ko, ko.

"Udongo huu umeuvua nguo. Kila asubuhi umeuvua nguo, ukauacha na joto la kiangazi, halafu unashangaa unaona haya kuotesha."

"Nilitaka ukirudi ukute pasafi, mama."

"Pasafi kwa macho ya nani?"

Nikatazama ardhi, akajijibu mwenyewe.

"Kwa macho ya wapita njia. Maua hayapiti njia, mwanangu, yanakaa. Haya ya kwetu ni watoto wa msituni. Huko msituni nani anafagia? Yamezoea kulala juu ya majani yaliyooza na kujifunika majani makavu, mti uko juu unayakinga. Wewe umeyanyang'anya godoro na shuka, ukayatoa na nje uchi saa sita mchana. Mimi mwenyewe ningekufa."

Nilitaka kucheka nikaogopa.

"Na simu yako ina maradhi gani?" akauliza.

"Niliogopa utaona sijui."

"Sasa hujui na maua yamekauka. Si bora ungekuwa hujui, maua yakiwa mazima? Kuuliza si ujinga. Mficha uchi hazai, Chiku."

Methali ile kila mtu anaisema, hata ukiwa umeficha jino bovu utaambiwa. Lakini siku ile ilitua pale palipokuwa na kidonda. Bibi yako akauona uso wangu. Akajisogeza na kile kibao mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nani amekwambia nini?"

Nikamwambia yote, ya beseni la vitumbua na ya bombani, na vile ninavyoitazama mikono yangu. Nilipomaliza akaniambia nilete kijiko kikubwa na kikombe cha maji. Akalowesha ardhi pale karibu na shina, akachokoa taratibu, akaingiza vidole, akanishika mkono wangu akaupeleka chini ndani ya ule udongo mpaka nikaligusa tunguu la Bibi Mvua.

"Bonyeza. Limeoza?"

Lilikuwa gumu, limejaa, la baridi. "Hapana."

"Limekufa?"

"Hapana, mama."

"Limelala. Kiangazi hulala hili, na yale ya moyo mwekundu pia hulala, hata uyapigie ngoma. Hukuyaua wewe wala hukuyalaza. Begonia ndizo ulizozichoma mwenyewe, hizo usimsingizie mtu." Akafukia. "Kulala si kufa. Na mimi mkwe wangu sikumposa kwa ajili ya kuhesabu watoto, nilimposa kwa sababu mwanangu anampenda na uji wake hauna madonge."

Kama ndivyo ilivyotokea au machozi yananichanganyia, sijui, lakini nakumbuka hapo hapo tulisikia hodi. Mama Hija, kaja kumpa mama pole ya safari, na vitumbua kwenye bakuli. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana mpaka habari za mbuzi. Kisha Mama Hija akatupa macho kwenye makopo.

"Pole na maua, shoga. Ndiyo mikono ya watu, haifanani."

"Haifanani kweli," bibi yako akajibu. "Mwingine wake unachoma vitumbua, na mdomo unachoma wenzake."

Mama Hija akacheka, hakuwa mtu wa kununa. "Haya, mimi muongo. Basi apande yeye, kwa mkono wake, tuone."

"Apande," akasema bibi yako.

Moyo ukanitoka, mwanangu. Katika begonia zote lilikuwa limebaki shina moja lenye uhai, tena upande mmoja. Bibi yako akalikata vipande viwili chini ya kifundo, kisiki chake kikabaki koponi. Kimoja akakiweka kando kwenye kikombe, kingine akanipa mkononi. Nikatia mboji kwenye kifuu cha nazi kilichotobolewa, nikakichomeka, huku wote wawili wakinitazama. Nilijua kikishika, nitapona. Kikifa, neno limethibitika, tena mbele ya shahidi.

Kikafa.

Ndiyo, kilikufa. Nilikiogopa mno. Nilikitia maji asubuhi, nikakitia mchana, nikakiinua kutazama kama kina mizizi, nikakirudisha. Kikaoza kikawa laini kama ndizi. Mama Hija alikuwepo siku nilipokishika kikakatika. Akatazama chini. Mimi nilikuwa nangoja ardhi inimeze.

Bibi yako akachukua kile kifuu, akakimwaga, akakisuuza, akatia mboji mpya. Hata hakukunja uso.

"Mimi chini ya mti huu nimeua mengi," akasema. "Nilipoletwa hapa mwali niliua mpaka mnanaa, na mnanaa hauuliwi hata na mbuzi. Hakuna aliyeniambia mkono wangu ni wa moto, waliniambia nipunguze maji. Mkono ni mwanafunzi, Mama Hija. Mwanafunzi akikosea hatumkati, tunampa daftari jingine." Akanipa kile kipande cha pili kutoka kwenye kikombe. "Panda tena. Safari hii ukishapanda, ukione kama mkwe wako: msalimie kwa mbali, usimfunue."

Basi ndivyo nilivyofundishwa. Tukagawana uwanja. Kutoka jikoni mpaka mlangoni nafagia mpaka mistari inaonekana, maana wageni wanapita na nyoka hapendi mahali peupe. Kuanzia kwenye mzizi wa mshelisheli kuingia ndani, fagio haligusi. Majani yakidondoka nayakatakata kwa panga nayatandaza unene wa kiganja, si chungu, ili udongo ufunikwe na nyoka asipate kitanda. Makumbi ya nazi nayaponda nazungushia feni. Maji ni asubuhi, nayamimina chini kwenye shina, na kabla ya kumimina natia kidole: udongo ukishikamana na kidole, naacha. Kinachotaka kivuli kinabaki kivulini. Kama nataka waridi, niende nikalipande mbele ya nyumba lilipo jua lake.

Masika yalipoingia mvua ilipiga bati usiku kucha. Baada ya siku kadhaa nikaenda uani na kikombe changu cha chai, na pale kwenye shina palikuwa pametoboka majani makavu, kimetoka kitu chekundu kilichofumba kama ngumi ya mtoto. Nikamwita bibi yako. Hakuja mbio, alikuwa anapembua mchele. "Limeamka?" akauliza kutoka jikoni. "Mwambie marahaba." Likafunguka pole pole mpaka likawa duara, jekundu kiasi kwamba ule ua wa kivuli ulionekana kama umewashwa taa. Yale ya moyo mwekundu yakafuata, yakatoa ncha zilizokunjwa kama sambusa. Na kile kipande cha begonia, ambacho nilikuwa nimejizuia kukigusa mpaka mikono ikaniwasha, kilitoa kijani kimoja kidogo, cha mng'ao, kimekunja uso.

Sikuwa na mimba bado. Nakwambia ili usije ukadhani hadithi hii ina uchawi wa aina nyingine. Wewe ulikuja baadaye, kwa saa yako na kwa amri ya Mungu, si kwa amri ya begonia. Lakini asubuhi ile mikono yangu ilinirudia. Nikaacha kuuliza chumvi iko wapi. Jioni nikamwambia baba yako kwamba siku moja pembe hii nitaijaza maua kote, niweke na mabenchi, watu walipe soda waje wakae kwenye baridi, akanijibu kwamba mabenchi ya chuma anajua pa kuyapata bure.

Mama Hija alikuja kuliona ua. Alisimama, beseni limempumzika kiunoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba, "Uani kwangu nako jua halifiki. Nimeweka mapipa tu. Nikikupa kopo, utanipandia? Naona wewe ndiye mwenye mkono."

Nilimtazama bibi yako. Alikuwa anajishughulisha na mchele, lakini mchele ule ulikwisha pembuliwa zamani.

Ningeweza kusema neno, mwanangu. Nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa tamu. Nikakata kipande cha begonia kwenye kile kisiki cha koponi kilichokuwa kimechipua tena, nikakiweka kwenye kiganja cha Mama Hija chenye unga wa mchele.

"Panda mwenyewe, mama," nikamwambia. "Mkono wowote unafaa. Kikifa, rudi nikupe kingine."

Akanitazama, macho yakamlowa kidogo, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Tena kile cha kwanza kilimfia, na cha pili pia. Cha tatu kikashika, na leo ukichungulia kwake huwezi kuyaona mapipa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia neno la bibi yako. Usiuvue udongo nguo ili wapita njia wakusifu, wala usijivue na wewe. Si kila kitu kinataka jua; kipo kinachostawi pembeni, mahali penye ubaridi na majani yaliyooza, na ukikivuta mbele za watu utakiunguza. Ukiwa nacho hicho, au ukiwa wewe ndiye hicho, kitunze kivulini kwake. Ukikabidhiwa usichokijua, uliza siku ile ile. Aibu ya kuuliza hudumu kikombe kimoja cha chai. Ukiona kimetulia kimya, usikimbilie kulia, shika kwanza chini utazame kama ni kigumu. Na mtu akikwambia mkono wako ni wa moto, chukua kifuu kingine. Yeye naye akija kuomba, mpe, umpe na ruhusa ya kukosea.

Mungu akupe kivuli cha kutosha na mvua kwa wakati wake. Akupe watu watakaokufundisha bila kukuvunja, na unachokipanda, kiwe ua au kiwe neno jema, kipate pa kushika. Amina, mwanangu.